Kabla Uchome Doh kwa Seti ya Dado, Pima Kwanza Shafti ya Msumeno Wako

Kuna beste yangu ako na karakana ndogo huko Kariobangi. Ukiingia, kitu ya kwanza macho yako yanaona ni seti ya dado ya inchi 8, imetundikwa ukutani kwa msumari kama saa. Inang'aa ile mbaya. Tangu ifike Kenya haijawahi gusa hata kipande kimoja cha saiprasi.

Ilikuwa hivi. Jamaa alikuwa ameangukia kazi ya kabati za jikoni, na mteja ameshatuma nusu ya doh kwa M-Pesa. Usiku anakesha YouTube akicheki mafundi wa Marekani. Anaona mzee fulani anasukuma plaiwudi mara moja tu, mfereji umetokea safi, rafu inaingia tap! Akaamua hiyo ndio kitu imekuwa ikimchelewesha maisha. Binamu yake anapiga kazi Texas na alikuwa anakuja Krismasi, kwa hivyo akamwambia, "Buda, wachana na viatu. Niletee dado." Binamu hakubisha. Akabeba hicho chuma katikati ya nguo za watoto hadi JKIA.

Seti ilikuwa original, si feki. Shida ilikuwa tundu. Bledi za Marekani ziko na tundu la inchi 5/8, yaani karibu milimita 15.9. Shafti ya msumeno wa beste yangu ni milimita 30. Ni kama kujaribu kuvisha mtu mzima pete ya mtoto. Zaidi ya ngiri kumi zimelala ukutani, na mteja anapiga simu kuuliza kabati zake zimefika wapi.

Kwa hivyo kabla tuongee bei, meno na majina ya kampuni, wacha tuanze pale yeye angeanza.

Kama wewe ni mgeni kwa hizi mambo, dado ni huo mfereji unaokatwa kwa mbao ndio mbao ingine ikae ndani yake. Rafu za kabati, sakafu za droo na migongo ya wodrobu zikikaa kwa mfereji, hazining'inii kwa skrubu pekee. Uzito unakaliwa na mbao yenyewe. Bledi ya kawaida inakata mstari wa milimita tatu hivi, na rafu ya plaiwudi ni milimita 18, so ungelazimika kupitisha mbao kama mara sita ukisongesha kidogo kidogo. Seti ya dado inamaliza hiyo kazi kwa mpito mmoja. Kama unatengeneza kabati moja kwa mwezi, hutasikia tofauti. Kama uko na oda ya kabati ishirini, hapo ni siku nzima umesevu.

Sasa rudi kwa shafti. Chomoa waya ya stima kwa soketi kwanza (usizime swichi tu, chomoa), toa bledi, alafu shika kalipa. Ukikosa kalipa, soma namba zilizoandikwa kwa bledi yako ya zamani. Ikisema 254 x 30, hiyo 30 ndio tundu. Mashine zilizotengenezewa Ulaya na soko letu la volti 240 mara nyingi huwa na shafti ya 30. Kuna za 25.4, ambayo ni inchi moja kamili, na kuna ndogo za 20. Za Marekani ndio hizo 5/8. Seti nyingi sana za dado utakazoona mtandaoni zimetengenezewa Marekani, kwa sababu huko ndio dado inapendwa.

Na tafadhali, usipelekee welda akupanulie tundu. Najua mtaani hakuna kitu tunashindwa kutengeneza, lakini hii ni bledi inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Tundu likiwa nje ya katikati hata kwa nusu milimita, mashine nzima inaanza kudansi na mfereji unatoka na upana wake wenyewe. Hizi vipande vya katikati vya dado pia ni vyembamba kiunoni. Ukila hicho chuma kutoka 16 hadi 30 unabaki na nini? Zile ringi za kupunguza tundu nazo zinasaidia tu kama tundu ni kubwa kuliko shafti, na zimetengenezewa bledi moja, si rundo la bledi sita.

Tundu likikubali, bado hujamaliza. Pima urefu. Dado ni bledi kadhaa zimepangwa pamoja kama chapati, na zote lazima zikae kwa shafti, alafu washa, alafu nati iingie yote mpaka uzi wa shafti uchungulie upande ule mwingine. Hapa ndio wasee wengi huangushwa, kwa sababu shafti fupi haionekani kwa picha ya muuzaji. Chukua DeWalt DWE7491RS, ule msumeno wa manjano wa kukunja unaoonekana kwa kila video. Ule wa Marekani unakubali dado ya inchi 8 hadi upana wa inchi 13/16, karibu milimita 20. Ule wa volti 230, jina karibu lile lile, uko na shafti ya 30 na ni fupi, haijatengenezewa dado. Ndugu yake mdogo, DWE7485, haikubali dado hata ile ya Marekani. So mtu akikushow "hii ni DeWalt, inaingia," mwambie akuonyeshe kitabu cha mashine.

Si ati hizo kampuni zina chuki na sisi. Ulaya masharti ya usalama wa mashine ni makali: ukizima, bledi inafaa isimame ndani ya sekunde 10, na kinga ikae juu yake. Rundo la dado ni zito, linachelewa kusimama, na ukikata mfereji ile kinga ya kawaida haiwezi kaa mahali pake. Watengenezaji wakaona rahisi ni kufupisha shafti tu, mjadala ukaisha. Mashine nyingi zinazouzwa Nairobi zimefuata njia hiyo.

Kuna wale wanasema, "Mimi yangu ni ya jua kali, haijui Ulaya wala Marekani." Fiti. Zile benchi za msumeno zenye mota chini na mkanda, unazoona Gikomba na kando ya Ngong Road, ziko na uzuri wake: shafti ilichongwa na msee wa leth, so anaweza kuchonga ingine ndefu yenye kipenyo unachotaka. Hiyo ni tofauti kabisa na kupanua tundu la bledi, kwa sababu shafti ni chuma kizima na leth inajua katikati ni wapi. Lakini piga hesabu ya spidi kwanza. Mota yetu ya kawaida inazunguka karibu 2,850 kwa dakika. Ukiweka puli ya inchi 6 kwa mota na ya inchi 3 kwa shafti, umezidisha mara mbili, umefika 5,700. Kila seti ya maana imeandikwa spidi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kama puli zako zinapita hiyo namba, badilisha puli ama sahau dado. Na kama seti haijaandikwa spidi yoyote, mrudishie mwenyewe.

Sasa saizi. Mafundi wengi wanaona inchi 8 ndio ya wanaume na inchi 6 ni ya watoto. Hiyo fikra inakula doh zako bure. Msumeno wa inchi 10 ukiinua bledi yake yote unakata karibu milimita 79. Ukiweka dado ya 8, unapoteza inchi moja ya urefu juu, unabaki na kama 54. Ukiweka ya 6, unabaki na kama 28. Na mfereji wa rafu unahitaji kina gani? Kwa plaiwudi ya 18, theluthi moja inatosha, yaani milimita 6. Hata ukienda 9 bado dado ya inchi 6 iko na nafasi ya kubaki. Ni nyepesi, haisumbui mota ndogo, inasimama haraka zaidi, na mara nyingi ni rahisi kwa mfuko. Kama mashine yako ni ya kubebeka ama mota yako ni chini ya nguvu za farasi moja na nusu, ya 6 ndio yako. Inchi 8 waachie wale wako na mashine nzito ya chuma isiyosongeshwa.

Utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni bledi moja inayokaa imelala upande kidogo, ikizunguka inayumba kushoto na kulia, na huko kuyumba ndiko kunakata upana. Unageuza tu kitovu chake kuongeza ama kupunguza. Ni ya bei ya chini kabisa, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Chini ya mfereji hutoka na mviringo kidogo badala ya kulala flat, kingo za plaiwudi huchanika, na mashine nyepesi hutetemeka mpaka kikombe cha chai kinatembea kwa benchi. Mimi sioni kwa nini mtu aende hapo, hata kama amesota.

Ya pili ni lile rundo: bledi mbili za nje zenye meno mengi, na katikati vipande vyembamba vyenye meno mawili ama manne, tuviite visafisha. Unaongeza ama kutoa visafisha mpaka upate upana. Hii ndio ya kununua, hata kama itabidi usubiri miezi miwili uchange.

Ndani ya hii aina ya pili, bei inabadilishwa na nini? Kwa maduka ya Marekani seti za hasola hucheza karibu dola 100, na za wazito zinapita 200 bila kuangalia nyuma. Tofauti kubwa iko kwa meno. Freud SD208, ambayo imesaidia wengi, bledi zake za nje ziko na meno 12. DeWalt DW7670 iko na 24. Oshlun SDS-0842 iko na 42, na bado iko upande wa bei ya kawaida. Meno machache hukata saiprasi na mahogani bila shida, haraka hata. Lakini plaiwudi ni stori ingine. Ile ngozi ya juu ni nyembamba, na meno 12 ukikata kukingama na nyuzi huivuruga. Angalia kazi yako ya kila siku. Kama ni plaiwudi na bodi zenye ngozi ya melamini, lipa kidogo zaidi upate meno 24 kwenda juu. Kama ni mbao tupu, usilipie meno ambayo hutatumia.

Visafisha vya meno manne huacha chini ya mfereji laini kuliko vya meno mawili. Cheki pia kama vipande vya kabaidi, zile ncha ngumu zilizochomelewa, ni vinene kiasi cha kunolewa tena mara kadhaa. Vile vidogo kama punje ya mchele ukivinoa mara moja vimeisha. Na usisahau kuongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kama unaagizia nje. Hapo ndipo "bei poa" hupotelea.

Kuna kitu kimoja kidogo kwa boksi ambacho watu hutupa wakidhani ni takataka: zile pete nyembamba kama karatasi. Usitupe! Hizo ndizo zinafanya seti ya Marekani ikubaliane na plaiwudi yetu. Seti inapima kwa inchi. Ukipanga inchi 3/4 unapata milimita 19, na plaiwudi ya 18 ikiingia hapo inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Badala yake, panga bledi mbili za nje, visafisha vitatu vya inchi 1/8 na kimoja cha 1/16. Hiyo ni karibu milimita 17.5. Sasa weka pete za nusu milimita hapo katikati, na umefika 18. Alafu jaribu kwa kipande cha taka kabla uguse bodi ya mteja, kwa sababu plaiwudi iliyoandikwa 18 si lazima iwe 18. Pima kila mzigo. Nimeona bodi mbili za duka moja zikitofautiana.

Wakati wa kupanga, meno ya visafisha yakae kwenye mapengo ya bledi za nje, yasigusane na meno ya jirani, na yatawanyike sawasawa kuzunguka duara. Yakigusana, kabaidi inavunjika, na kipande kikiruka hakiulizi nani mwenye nyumba.

Ile bamba ndogo inayozunguka bledi pale mezani nayo haitatosha, tundu lake ni jembamba. Usikate bila bamba. Chonga ingine kwa kipande cha MDF cha unene ule ule, ifunge vizuri, inua dado polepole ijitobolee njia yake yenyewe. Hiyo inagharimu karibu bure na inazuia mbao kuchanika chini.

Kwa usalama sitapiga siasa. Ukifunga dado, kile kisu cha nyuma kinachozuia mbao kukurudia kinatoka, kinga inatoka, na mbele yako kuna meno yenye upana wa kidole gumba. Bledi ya kawaida ikikugusa daktari anaweza kupata kitu cha kushona. Dado inatafuna. Mzee mmoja wa Gikomba aliniambia akiwa ameshika kikombe kwa vidole vitatu, "Kijana wangu, mimi sikukatwa, nilipunguzwa." Kwa hivyo, mbao isukumwe kwa kijiti ama kwa kibao chenye mshiko, si kwa kiganja. Funga ubao wa kukandamiza kando ndio kazi isiinuke katikati ya mfereji. Glavu toa, sweta yenye mikono mirefu toa. Usisimame nyuma ya bledi moja kwa moja. Ukizima, subiri isimame kabisa kabla unyooshe mkono, na dado huchukua muda wake. Alafu ukimaliza mifereji, rudisha kinga na kile kisu siku hiyo hiyo. Kama umeajiri vijana, sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 inakutaka ukinge mashine hatari, na jaji hatakubali stori ya "tulikuwa na haraka."

Na kama umepima shafti ukapata ni fupi ama ni 30 na seti yake haipatikani? Tulia. Hapo ndipo beste yangu alijiokoa. Hakununua mashine ingine. Alichukua trima yake ya mkono, ile Makita 3709 ambayo mafundi wengi wanayo, ya wati 530, inayozunguka 30,000 kwa dakika na kushika biti ya milimita 6. Rauta ndogo, kwa kifupi, na si ile ya Wi-Fi. Alikata fito moja iliyonyooka ya MDF, akaibana kwa klempu juu ya bodi, akapitisha trima akiegemea fito. Mara ya kwanza kina cha milimita 3, mara ya pili akafika 6. Kwa sababu biti ni nyembamba kuliko rafu, alibana fito mbili, moja kila upande, zikiwa zimeachana kiasi kwamba trima inacheza katikati na kuacha mfereji wa 18 kamili. Akitaka kuwa na uhakika anatumia kipande cha rafu yenyewe kupima nafasi. Si haraka kama dado, vumbi linakufunika kama mandazi kwa unga, na kelele ni noma. Lakini mfereji ni msafi, chini ni flat, na mbao imelala benchini huku mashine ndiyo inatembea. Kwa bodi ndefu za wodrobu, mimi naona hata ni rahisi kuliko kubembeleza futi nane za plaiwudi juu ya msumeno mdogo.

Hata bila trima, bado unaweza kutumia bledi yako ya kawaida kwa ile mipito sita, ukianza na kingo mbili alafu unasafisha katikati na patasi. Kazi ya kwanza fanya hivyo. Mteja akilipa, ndio uanze kuangalia seti.

Ukienda dukani Kirinyaga Road ama ukiagiza mtandaoni, kuwa na namba nne kwa simu yako: kipenyo cha shafti, urefu wake kutoka kwa washa ya ndani hadi mwisho wa uzi, nguvu ya mota, na spidi. Mtumie muuzaji hizo namba kwa WhatsApp kabla ya doh, na umuulize kama atakubali kurudishiwa isipoingia. Akianza kuzungusha, tafuta mwingine.

Beste yangu alimaliza zile kabati mwezi wa pili, amechelewa wiki tatu, na mteja akakata kidogo kwa salio. Seti bado iko ukutani. Wiki jana jamaa fulani mwenye msumeno wa kutoka Marekani, anautumia na transfoma, aliuliza anaiuza pesa ngapi. Wanabishania ngiri mbili.